Stichi za Mama Maggie

Kwa Mama Maggie, mwanamke alikuwa hajazaa mpaka ashonwe. Mtoto peke yake hakutosha. Mtoto hata paka anapata. Ukitaka Mama Maggie akuhesabu kuwa mama, ilibidi uje na idadi ya stichi, na idadi yenyewe iwe ya kueleweka.

Yeye alikuwa nazo kumi na moja. Kila mtu katika ile ploti ya nyumba za kupanga ya Gitothua alizijua, kama alivyojua siku ya maji na siku ya takataka. Jina lake hasa lilikuwa Wangeci, lakini hakuna aliyelitumia. Alisimamia ploti kwa niaba ya mwenye nyumba, akaongoza kikundi cha kina mama, na kukiwa na mtoto wa kuonwa, yeye ndiye aliyekaa kwenye kiti kizuri na kuuliza maswali.

Jumapili hiyo walikuwa wamejazana kwa Trizah, aliyekuwa na mtoto wa wiki mbili. Walileta uji, sukari, sabuni ya kufulia na leso. Mtoto aliangaliwa kwa dakika moja, akasifiwa pua. Kisha Mama Maggie akaweka kikombe chini.

"Haya, Trizah. Stichi ngapi?"

"Nne," Trizah alisema, kama mtu anayesoma matokeo mabaya ya mtihani.

"Nne! Atiriri, hiyo si kuchanika, hiyo ni kukwaruzwa na paka. Mimi na Maggie, kumi na moja. Daktari alishona mpaka uzi ukaisha, ikabidi atume mtu mwingine alete. Na siku ya tatu nilikuwa sokoni nauza sukuma wiki."

Kina mama wakatikisa vichwa kwa heshima. Mwaka uliopita, katika hadithi hiyo hiyo, uzi haukuwa umeisha. Selpha alikumbuka vizuri. Wakati huo ilikuwa ni taa tu iliyozimika.

Selpha alikuwa amekaa karibu na mlango, juu ya mtungi uliopinduliwa, tumbo lake la miezi saba likiwa limemjaa magotini. Hakuwa mtu wa maneno. Shule aliiacha darasa la sita huko Bungoma, na tangu hapo aliamini kwamba waliomaliza wanaliona jambo hilo usoni mwake. Kwa hiyo alinyamaza, na watu wakadhani kwamba asiyeongea hafikirii. Kumbe alifikiria sana, na mengi ya aliyofikiria, kama yangesikika, yangemfukuzisha ploti.

Kwa mfano, alikuwa ameona kwamba Mama Maggie hutembea na mto. Ulikuwa kipande cha godoro kilichovishwa kitambaa cha kufuma, rangi ya zambarau. Kanisani alikuwa nao, kwenye mikutano ya kikundi alikuwa nao. Alisema ni wa mgongo, ila hakuwahi kuuweka mgongoni. Aliukalia, tena upande mmoja. Na kabla ya kucheka, kila mara, alikunja miguu na kuibana, kama msichana anayesubiri zamu ya choo. Mwanamke wa stichi kumi na moja, aliyerudi sokoni siku ya tatu, hakuweza kupiga chafya bila kujishika. Maggie mwenyewe alikuwa amemaliza chuo.

"Na wewe Mama Bridget?" Mama Maggie alimgeukia. "Huyo Bridget alikuachia ngapi?"

"Sikuhesabu," Selpha alisema.

Wakacheka mpaka mtoto wa Trizah akaamka. Mama Maggie alikunja miguu kwanza.

Selpha hakuhesabu kwa sababu hakuna aliyemwambia. Bridget alizaliwa Kiandutu, walipokuwa bado wanaishi Thika, kwenye kliniki ya chumba kimoja nyuma ya duka la mahindi. Mwanamke mwenye koti jeupe, ambaye hakuna aliyejua alisomea wapi, alianza kupiga kelele za "Sukuma! Sukuma!" tangu uchungu wa kwanza, kana kwamba Selpha alikuwa gari lililokwama. Alimkalia tumbo. Mtoto alipochelewa, alichukua makasi akamkata bila neno, kama mtu anavyofungua pakiti ya maziwa. Kisha akashona, simu ikiwa imebanwa kati ya bega na sikio, akibishana na mtu juu ya bei ya vitunguu. Aliimaliza ile hoja ya vitunguu vizuri kuliko alivyoimaliza ile kazi.

Miezi miwili Selpha alikalia tako moja. Kwenda haja kulikuwa safari ya kutayarishwa tangu jana yake. Na hata hivyo yeye alikuwa na bahati. Jirani yake wa Kiandutu, aliyepita mikononi mwa koti lile lile, alichanika mpaka nyuma. Hakuweza tena kuzuia choo, akaacha kanisa, akaacha kazi, mwishowe akaacha hata kuanika nguo nje watu wakiwepo. Selpha hakuogopa kuzaa. Aliogopa kuchanika palepale mara ya pili, na safari hii awe kama jirani yule.

Alhamisi yake akaenda kliniki ya wajawazito. Muuguzi wa hapo alikuwa mwanaume, Mkamba mmoja mwembamba aitwaye Kyengo, mwenye koti lililomfupia mikono. Wanawake walimwita daktari mbele yake na "yule mwanaume" nyuma yake. Alisimama mbele ya benchi, akakohoa.

"Leo tunaongea juu ya msamba."

Hakuna aliyejua msamba ni nini.

"Ni hapa, katikati ya njia ya mtoto na njia ya choo. Hapa ndipo mnapochanika. Kuna mambo ya kufanya ili msichanike, ama mchanike kidogo."

"Daktari," mwanamke mmoja wa Gatongora aliuliza, huku akiwakonyeza wenzake, "wewe umezaa mara ngapi?"

"Sijazaa. Lakini nimeshona. Na nimechoka kushona."

Benchi likapiga kelele kama la wanafunzi mwalimu akitoka. Kyengo aliendelea kana kwamba mvua tu ndiyo iliyokuwa ikinyesha. Akasema kwamba katika wiki za mwisho, kuanzia ile ya thelathini na tano, mama anaweza kuosha mikono, akate kucha, achukue mafuta safi na kuisugua sehemu ile polepole kwa dakika chache, aizoeshe kunyooka.

"Tujipake mafuta kama chapati?" yule wa Gatongora akapaza sauti, na benchi zima likalala kwa kicheko.

Selpha hakucheka. Miaka mitatu sasa alikuwa anapika chapati kwenye kibanda cha chakula Gatongora, na mwanamke yule alikuwa amesema jambo la maana bila kujua, kama kawaida ya watu wa aina hiyo. Unga ukiukanda kwa maji ya uvuguvugu, ukaupaka mafuta na kuuacha upumzike, unavutika mpaka unaona mwanga upande wa pili. Ukiwa na haraka, uuvute ungali baridi, unakupasukia katikati ya mikono. Mpishi mjinga huulaumu unga.

Alingoja mpaka benchi likaisha. Akasimama mlangoni, akitazama viatu vyake.

"Daktari. Na siku yenyewe?"

Kyengo aliinua kichwa. Pengine lilikuwa swali la kwanza la kweli aliloulizwa mwezi mzima.

"Siku yenyewe usisukume kwa kuambiwa. Sukuma mwili ukitaka. Ukiweza, ulale kwa ubavu. Mtoto akianza kusukuma hapa, tunaweka kitambaa kilichochovywa maji ya moto, si ya kuunguza, nyama ilainike. Mimi naweka mkono, nashikilia kichwa kisiruke. Na nikikwambia acha, unaacha." Akakuna shingo. "Si uganga, mama. Kuna wanaofanya yote na wanachanika bado. Lakini ni wachache, na si vibaya kama zamani."

"Na kukatwa?"

"Nakata kama mtoto ana shida, na nakwambia kwanza. Sikati kwa haraka zangu." Kisha akaongeza, kama aliyeona aibu: "Birika letu la leba limekufa. Beba maji ya moto kwa thamosi."

Basi Selpha akajiandaa. Wamalwa, mumewe, aliyekuwa akifanya kazi ya kupakia mizigo kwenye kiwanda kimoja Thika, alimkuta na chupa ya mafuta akacheka. Akauliza mwanaume gani huyo anayefundisha wake za watu mambo ya chumbani. Selpha alimkumbusha jinsi yeye, Wamalwa, alivyolala akiwa amegeukia ukuta miezi minne baada ya Bridget, si kwa sababu ya usingizi. Wamalwa akaacha kucheka. Wiki iliyofuata alileta thamosi ya lita mbili, nyekundu, na hakuuliza tena.

Uchungu ulianza Jumamosi asubuhi, Wamalwa akiwa zamu. Selpha alichemsha maji, akayajaza kwenye thamosi, akaweka vitambaa vitatu safi kwenye mfuko pamoja na nguo za mtoto. Kisha ikambidi afanye jambo alilolichukia. Alimwita Mama Maggie, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine mzima katika ploti, na Mama Maggie alikuwa ameshasikia mwenyewe na kusimama mlangoni, mto kwapani.

"Wewe ingia kwa tuktuk, mimi nabeba vitu," Mama Maggie aliamuru.

Alikawia. Selpha alimngoja kwenye tuktuk, ameshika chuma, akipumua. Mama Maggie alitoka akiwa na uso wa mtu aliyeokoa nchi. Njia nzima alimweleza dereva juu ya stichi kumi na moja. Safari hii hadithi ilikuwa na daktari Mzungu.

Leba ilikuwa na vitanda viwili, kimoja kitupu. Kyengo alimpima, akasema bado kidogo. Kwa Mama Maggie, "bado kidogo" ilikuwa maneno ya wavivu. Aliweka mto wake kwenye kiti, akaukalia upande mmoja, akaanza kazi.

"Sukuma, Mama Bridget! Funga mdomo, bana pumzi, sukuma! Usitulie kama umekuja kanisa!"

"Nani amemwambia asukume?" Kyengo aliuliza bila kugeuka.

"Kwani atazaa na nini? Na maombi?"

"Mama, njia haijafunguka. Ukimsukumisha sasa atachoka bure na atavimba. Kaa tu."

"Mimi nimezaa saba!"

"Najua. Umeniambia mara mbili."

Saa moja ikapita hivyo, Mama Maggie akinung'unika, Selpha akiwa amelala kwa ubavu, akikaba reli ya kitanda kila uchungu ulipokuja. Kisha mwili wake wenyewe ukakaza na kushuka, bila kuulizwa. Kyengo alitazama, akavaa glovu.

"Sasa. Lete yale maji ya moto."

Mama Maggie akafungua thamosi kwa madaha na kumimina kwenye karai. Ilitoka chai. Ya maziwa, yenye tangawizi, ikiwa na utando juu.

Chai ilifuka mvuke ndani ya karai la leba.

"Hii ni nini?" Kyengo aliuliza.

"Ni chai, si unaona? Nilikuta maji matupu. Ngai! Mtu wa ploti yangu apelekwe kuzaa na maji matupu kama mfungwa? Watu wa hapa wangesema nini? Nikamwaga, nikapika chai ya heshima."

Selpha alifumba macho. Alimwona yule mwanamke kama alivyokuwa, mwili mzima, kuanzia kilemba mpaka viatu: mtu aliyeona jambo la akili limeandaliwa, akalimwaga kwenye mtaro, akaweka sukari. Wiki zote zile za kuosha mikono na kukata kucha, na sasa karai la chai. Akayaona tena yale makasi ya Kiandutu. Na katika maisha yake yote ya kumeza maneno, hayo tu yalikataa kumezwa.

"Mama Maggie," alisema. "Toka. Tafuta maji."

Haikuwa sauti kubwa. Lakini Mama Maggie alimtazama kana kwamba mtungi umeongea, akasimama, akauacha hata mto.

Langoni palikuwa na mwanamke anayeuza chai na mayai ya kuchemsha. Baadaye ilijulikana yaliyotokea huko, kwa sababu mwenye chai alisimulia kwa wiki nzima. Mama Maggie alimtaka maji yaliyochemka, matupu. Mwenye chai akamwuliza maji matupu ni ya nini, mtu mgonjwa anapewa chai, asiwe mchoyo. Mama Maggie akasema si ya kunywa, ni ya leba. Mwenye chai akasema hiyo ndiyo sababu zaidi ya kuweka maziwa. Wakabishana hivyo, wajuzi wawili, sufuria ikichemka katikati yao, mpaka Mama Maggie akainyakua kwa leso na kukimbia nayo. Mtu mwenye stichi kumi na moja hakimbii vizuri. Aliingia leba magoti yamebanana, sketi ina unyevu ambao haukutoka kwenye sufuria, na hakuna aliyemwuliza.

Wakati wote huo chumba kilikuwa kimya. Kyengo hakupiga kelele. Alisema tu, "Hivyo hivyo," na "Pumzika," na Selpha akapumzika. Alishangaa jinsi kazi ile ilivyokuwa na nafasi ndani yake mtu akikosekana wa kuijaza kwa makelele.

Kyengo aliyachanganya maji na ya baridi, akayajaribu kwenye kifundo cha mkono, akachovya kitambaa, akakikamua na kukiweka. Joto likaingia. Selpha alihisi kitu kilichokuwa kimekazana tangu Bridget kikilegea.

"Shika karai hapa karibu," Kyengo alimwambia Mama Maggie. "Kikipoa, chovya kingine. Na usiongee."

Mama Maggie akashika karai. Mdomo ulifunguka mara mbili, na mara mbili Kyengo alinyoosha mkono kuomba kitambaa, ukafunga.

"Kichwa kinakuja," alisema. "Sasa acha kusukuma. Pumua kwa mdomo. Kama mtu anapoza chai."

Selpha akapoza chai. Mwili wake wote ulitaka kumaliza, kutupa, kuachana na mambo hayo. Alipuliza, akapuliza. Palichoma kama kando ya kikaango, akaufikiria unga chini ya viganja vyake, jinsi anavyougeuza kidogo kidogo, asivyouvuta. Kidole cha Kyengo kilishikilia kichwa kisije kwa pupa. Kikatoka kipaji cha uso, ikatoka pua, kidevu, taratibu, kama mtu anayevua sweta la shingo ndogo. Kisha mabega, na mtoto wa kiume akateleza nje akiwa na hasira nyingi.

Kyengo alimweka kifuani mwa mama yake. Baadaye akawasha tochi, akatazama kwa muda mrefu, mbele mpaka nyuma. Selpha alimwangalia usoni kama mshtakiwa anavyomwangalia hakimu.

"Mkwaruzo kidogo kwenye ngozi. Utapona wenyewe. Hakuna cha kushona."

"Angalia vizuri, daktari," Mama Maggie alisema, karai likiwa bado mikononi. "Haiwezekani. Angalia tena."

"Unataka nimchane, ili muwe sawa wewe na yeye?"

Wiki mbili baadaye ilikuwa zamu ya Selpha kuonwa. Walikuja wote, na uji na sabuni na leso. Ciku alikuwamo, mke wa fundi wa pikipiki wa nyumba ya mwisho, msichana wa miaka ishirini, mimba ya kwanza, aliyekuwa anaogopa mpaka kivuli chake. Mtoto alisifiwa pua. Mama Maggie akaweka kikombe chini, lakini safari hii hakuuliza. Alitangaza.

"Huyu msimwulize. Hata moja hakuna. Alizaa kama kuku, puu, yai limeanguka. Nilikuwa hapo hapo. Mimi ndiye nilileta maji." Akabana miguu, akacheka, na wenzake wakacheka naye. "Sasa mtu wa hivyo utamwita amezaa? Huyo ametapika tu!"

Selpha alikuwa amesimama na birika mkononi, akisikia joto la aibu likimpanda shingoni kama siku zote. Nyumba ilikuwa na kiti kimoja tu kilichobaki, kigoda cha mbao ambacho Wamalwa alikipigilia misumari mwenyewe, kigumu kama saruji. Mama Maggie alimwona akikitazama. Roho ya huruma ikamwingia mbele ya watu. Alichomoa mto wa zambarau chini yake, akaunyoosha.

"Chukua mto wangu, mama. Siku hizi za kwanza mtu hawezi kukaa hivi hivi. Hata kama hukushonwa, tutajifanya."

Selpha aliupokea. Ulikuwa wa moto, na umebonyea upande mmoja, ubonyevu wa miaka ishirini na minne. Akaugeuza mkononi, akaupiga piga vumbi. Kisha akarudi na kuuweka mahali ulipotoka.

"Kalia wewe, Mama Maggie," alisema. "Wewe ndiye bado unaumwa."

Akaenda kwenye kigoda, akakaa. Hakukaa kwa upande, wala hakushuka kwa kupima. Alikaa kwa matako yote mawili, pwa, miguu imeachana kidogo kwa starehe, mtoto mapajani, akamimina chai. Hakuna aliyecheka. Mama Maggie alibaki amesimama nusu, mto ukimngoja, na chumba kizima kikimtazama atakaa vipi.

Walipotoka, Ciku alibaki nyuma akijifanya anakusanya vikombe. Alivipanga, akavipangua.

"Mama Bridget," alisema mwishoni, akitazama viatu vyake. "Ile thamosi ni ya lita ngapi?"